Kichanja Kisicho na Jina

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni ile niliyokuwa bado nina nywele na kiuno, palikuwa na kiwanda cha sabuni ya mche njia ya kwenda Pangani. Kilikuwa mali ya ushirika wa wakulima wa minazi. Kilikuwa na watu arobaini na watatu, sufuria moja kubwa ya kuchemshia, mashine moja ya kukatia, na meneja mmoja asiyejua anachofanya. Meneja huyo nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msije mkanitafuta huko mbele kati ya watu wenye akili.

Msinidharau lakini. Nilikuwa nimetembea. Nimefika Izmir, nimefika Surat, nimefika Guangzhou, kote huko nimeangalia viwanda vya watu, na kote huko nimepotea njia ya kurudi hotelini.

Kiwanda chetu kilikuwa na desturi ambayo sikuiona Izmir wala Guangzhou. Kila chombo kikubwa kilipewa jina la mtu aliyekitendea kiwanda wema. Chombo kimoja, jina moja, la mtu mmoja, limeandikwa kwenye kibao cha bati pamoja na salamu. Kwenye sufuria paliandikwa SHIKAMOO MZEE HOZA, kwa sababu Mzee Hoza ndiye aliyetuchimbia kisima. Kwenye mashine ya kukatia paliandikwa SHIKAMOO BI PILI. Huyo Bi Pili ndiye aliyewafundisha wote kukata sabuni kwa waya, tangu enzi za kukata kwa mkono mpaka alipofariki. Ukiingia zamu asubuhi unapita, unamwamkia kila mmoja kwa jina. Wiki yangu ya kwanza niliona aibu kuamkia sufuria. Wiki ya pili nilikuwa namuuliza Mzee Hoza kama ameamka salama.

Basi siku moja ikaja barua. Shule za bweni za wilaya zilitaka sabuni yetu, katoni tisini kila siku ya kazi. Sisi tulikuwa tunatoa sitini. Mwenyekiti wa ushirika, Bi Sauda, mwanamke asiyerudia neno, akaniita.

"Meneja, tulichonacho kinatosha kununua kitu kimoja tu. Nunua unachoona kinafaa. Tukifika tisini, tunaendelea. Tusipofika, kiwanda kinafungwa, tunarudi kuuza mbata kama zamani, na watu arobaini na watatu wanarudi makwao. Una miezi mitatu."

Mimi sikuhitaji hata siku tatu. Sabuni yetu ilikwenda hivi: inachemka, inamiminwa, inapoa, inakatwa, inafungwa. Na kila aliyeingia pale kiwandani aliona pale inapokwama. Mbele ya Bi Pili palikuwa na mlima wa mabamba ya sabuni yanayongoja kukatwa. Mlima huo ulikuwapo asubuhi, ulikuwapo mchana, ulikuwapo jioni. Basi dawa ni nini, kama si mashine ya pili ya kukatia? Na mashine nilikuwa nayo kichwani. Niliiona Izmir, ya kijani, inang'aa, nikapiga nayo picha. Picha nilitembea nayo mfukoni nikiwaonyesha watu.

Nikamwonyesha na Tunu. Tunu alikuwa binti wa mkulima wetu mmoja, miaka ishirini na sita, amesomea mipango ya viwanda, na ushirika ulikuwa umemchukua kwa mkataba wa miezi miwili. Akaiangalia ile picha kwa heshima.

"Mzuri, bosi. Mahari umeshapeleka?"

"Barua ya kuagiza iko mezani. Imebaki sahihi."

"Basi kabla ya ndoa tukicheze kwanza kiwanda."

"Kiwanda kinachezwa?"

"Kinaigwa, halafu kinachezwa. Mashine ukishainunua ikakukataa, utairudisha Izmir? Kiwanda cha chaki tukikikosea, tunafuta sakafu."

Akasogeza mabenchi ya kantini, akapiga magoti, akachora. Hapa sufuria. Hapa kalibu, yaani yale masanduku sabuni inamomiminwa ikapoa na kuwa bamba. Hapa Bi Pili. Hapa meza ya kufungia. Akaomba komwe kwa wacheza bao, kila komwe ikawa bamba moja la sabuni. Akasimamisha watu, kila mtu mahali pake pa kazi. Filimbi ikilia, dakika kumi zimepita, sogezeni. Na kwa sababu mashine za kweli husimama bila kumwambia mtu, kila mwendeshaji akapewa dadu ya ludo. Ukitupa, ukapata namba fulani, mashine yako imesimama, unangoja.

Namba zenyewe alizitoa kwenye daftari la zamu, ambamo kila mwendeshaji huandika mashine yake imesimama mara ngapi na kwa muda gani. Wa sufuria akapewa dadu. Wa kalibu akapewa dadu. Alipofika kwa Mzee Shekue, mwendeshaji wa Bi Pili, akampita.

"Na mimi?" akauliza Mzee Shekue.

"Wewe huna haja, babu. Daftari linasema Bi Pili hajasimama hata mara moja kwa miaka saba. Kila siku imeandikwa, Bi Pili yuko mzima."

Watu wakamtania, wakasema Mzee Shekue kapata mke asiyeugua. Mzee Shekue akacheka kwa midomo tu.

Filimbi ikalia. Sabuni ya komwe ikachemka, ikamiminwa, ikapoa, ikakatwa, ikafungwa. Siku nzima tuliimaliza kwa muda wa kipindi kimoja cha shule. Tunu akahesabu. Katoni themanini na sita. Akaingiza yote kwenye kompyuta yake, kompyuta ikacheza siku elfu moja kabla chai yangu haijapoa, nayo ikasema hivyo hivyo, themanini na sita, zikizidi kidogo au zikipungua kidogo. Watu wakapiga makofi. Tumekosa nne tu kufika tisini. Mimi ndiye niliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, maana nilijua hizo nne atazileta yule wa kijani.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Aliitwa Mize, mfungaji wa katoni, binti wa marehemu Bi Pili yule yule wa kwenye kibao. Alikaa mwisho wa safari ya sabuni, na kila kilichotoka kiwandani kilipita mikononi mwake.

"Tunu mdogo wangu," akasema, "hicho kiwanda chako cha chaki kinaajiri? Nihamie huko. Maana mimi jana nimefunga sitini na moja. Juzi hamsini na nane. Kabla hakijatuambia kesho, kituambie jana."

Kantini nzima ikacheka. Tunu hakucheka. Alibaki amechuchumaa anaiangalia chaki yake.

Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikamwambia Tunu pole na asante, nikageuka kwenda kuitafuta kalamu.

"Bosi, nipe dakika moja," akasema. "Hapa kuna mawili. Ama mimi nimechora vibaya, ama daftari halisemi kweli. Na kuchora, nimesimama na saa yangu siku tisa, nimepima kila hatua."

"Hukumkuta Bi Pili amesimama hizo siku tisa?"

"Nilimkuta mara nyingi. Nikimuuliza Mzee, ananiambia anampaka mafuta."

Mzee Shekue akavua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Nyuma yake ukutani palikuwa na tangazo nililolibandika mwenyewe: Atakayeandika uongo kwenye daftari la zamu atafukuzwa kazi. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Akanyoosha mkono kwa Tunu.

"Naomba dadu yangu," akasema.

Akanigeukia mimi.

"Bi Pili anasimama mara nne, mara tano kwa siku. Waya unakatika. Naubadilisha, dakika ishirini, siku nyingine arobaini. Sijawahi kuandika hata siku moja."

"Mbona hukuandika, Mzee?" nikauliza.

"Niandike nini, Meneja? Bi Pili amekatika? Bi Pili ameshindwa kazi? Yule mama aliushika mkono wangu huu akanifundisha kupata riziki. Kila asubuhi namwamkia. Halafu jioni nikae nimwandike vibaya, na mwanawe yupo hapa, analipitia daftari kila siku kuhesabu katoni zake?"

Watu wote wakamgeukia Mize. Mize alikuwa ameshika mkononi gundi ya karatasi ya kufungia katoni, anaizungusha, anaizungusha.

"Mama aliumwa miaka miwili," akasema. "Kila aliyeuliza, nyumbani tulisema yuko mzima. Tulisema yuko mzima mpaka kwa daktari. Baba Shekue, andika. Andika kila kitu."

Mzee Shekue hakuwa na haja ya kuandika. Alituchukua mpaka nyuma ya Bi Pili, akasogeza gunia, na tukaona ukuta. Mkaa mtupu. Mstari mmoja kwa kila waya uliokatika, mrefu kwa muda mrefu, mfupi kwa muda mfupi, miaka saba. Daftarini alimstahi Bi Pili, ukutani alisema kweli. Na karibu kila mstari mrefu ulikuwa na duara pembeni.

"Hizi duara ni nini, babu?" Tunu akauliza.

"Bamba lililokuja lina joto. Likija na joto linanata, linauvuta waya mpaka unakatika. Bi Pili si mbovu, mwanangu. Analishwa chakula cha moto."

"Na kwa nini yanaletwa na joto?"

Wa kalibu wakatazamana. Mmoja akasema, "Hatuna pa kuyapozea. Sufuria ikiwa tayari, kalibu zote zimejaa. Tunayatoa mabamba mapema ili tupate pa kumimina. Na pale mbele ya Bi Pili yanalaliana, joto halitoki."

Tunu akafuta nusu ya chaki, akachora tena. Mzee Shekue akapewa dadu yake, na safari hii akaitupa kila filimbi ilipolia. Sabuni ikachemka, ikamiminwa, haikupoa vizuri, ikakatwa ikinata, ikafungwa. Katoni sitini.

"Hiyo ndiyo jana," akasema Mize.

Tukamwingiza yule wa kijani wa Izmir. Mashine mbili za kukatia, bega kwa bega, zote zinalishwa moto, zote zinakata waya. Katoni sitini na saba. Niliitoa picha mfukoni nikaiangalia, nikaona kumbe hata rangi yenyewe haikuwa nzuri sana.

Tukaondoa mashine, tukaweka kitu kingine. Kichanja kimoja kirefu cha chuma, ngazi tisa, chenye magurudumu, pamoja na kalibu za kukijaza. Sabuni imiminwe, ilale humo mpaka ipoe kweli, ndipo isukumwe kwa Bi Pili. Filimbi ikalia. Sabuni ikachemka, ikamiminwa, ikapoa, ikapoa sawasawa, ikakatwa, ikafungwa. Katoni tisini na tatu. Kompyuta ikacheza siku zake elfu moja. Siku nyingi zilipita tisini, na zile mbaya hazikushuka chini ya themanini na nane.

Nikaichana barua ya Izmir. Kisha nikaenda kwa Bi Sauda na habari mbili: ya kichanja, na ya Mzee Shekue na lile tangazo langu.

"Daftari la zamu," akasema Bi Sauda, "nani alitia sahihi kila jioni kwamba amelisoma na ni kweli?"

"Mimi, Mwenyekiti. Hii miaka minne yote."

"Basi tukianza kufukuza, tutaanza na nani?"

Tangazo nililibandua siku hiyo hiyo. Gundi ilikuwa kali, likabaki neno "uongo" ukutani mpaka tulipopaka rangi mwakani.

Fundi wa kuchomelea alituundia kichanja kwa wiki tano. Siku ya kwanza tulifunga katoni themanini na tisa. Ya pili tisini na moja. Ya tatu tisini na mbili, na Mize akagonga meza kwa kiganja, kila mtu akasikia mpaka kwenye sufuria. Shule zikatia sahihi. Hakuna hata mmoja katika wale arobaini na watatu aliyerudi kwao kabla ya wakati wake. Mimi mwenyewe niliwasomesha watoto wangu kwa sabuni ile, na kila nikinawa mikono nawashukuru watu watatu. Shida ni kwamba kibao ni kimoja.

Maana desturi mnaijua sasa. Kichanja kilikuwa chombo kikubwa, kilitaka jina. Tukamwita Kombo, mwandishi wa mabango. Kombo akaandika SHIKAMOO kwa rangi nyekundu, herufi nzuri, akachovya brashi, akanigeukia. "Shikamoo nani?"

Tukakusanyika kantini. Akasimama Tunu.

"Sitajifanya sitaki," akasema. "Nalitaka jina hilo. Nyinyi mlikuwa mnaangalia mlima wa sabuni, mimi niliwapa mahali pa kukosea bila kuumia. Bila kiwanda cha chaki, leo hapa pangekuwa na mashine ya kijani na mlango umefungwa."

"Lakini kiwanda chako cha kwanza kilikuwa cha uongo," akasema mtu wa kalibu. "Tena ulisimama hapo siku tisa, ukamwona Bi Pili amesimama, ukaamini mafuta."

"Niliamini, na ni kosa langu. Lakini uongo ule ulionekana kwa sababu ulichorwa sakafuni watu wakauona. Kwenye daftari ulikaa miaka saba bila kumsumbua mtu."

Akasimama Mzee Shekue.

"Mimi nina ukuta," akasema. "Miaka saba, kila mstari kwa mkono huu. Chaki ya Tunu bila mkaa wangu ni mchezo wa watoto tu. Na nilisema kweli chini ya karatasi inayosema nitafukuzwa."

"Na aliyeuficha ukweli huo ni nani, Mzee?" akauliza mmoja wao.

"Ni mimi. Mkono ni huo huo mmoja. Kama mnaweza kuukata nusu, chukueni ile iliyoandika daftari, niachieni iliyochora ukuta."

Akasimama Mize.

"Mimi sina chaki, sina mkaa. Niliuliza jana tu. Lakini mlikuwa mmeshapiga makofi, nyote, na Meneja viganja vilimwasha."

"Uliuliza kwa kejeli, Mize," akasema mwingine. "Hukujua unachokitafuta."

"Kejeli yangu ilikuwa na katoni sitini na moja ndani yake. Halafu nilifanya na la pili. Mzee Shekue aliniangalia mimi, hakuwaangalia nyinyi. Nilikubali mama yangu aandikwe mgonjwa mbele za watu. Ruhusa hiyo asingeweza kuitoa mtu mwingine yeyote."

Mimi nikanyoosha mkono. "Na mimi je? Mimi sikununua."

"Keti, Meneja," akasema Bi Sauda.

Nikaketi. Mtu akamchokoza Mzee Shekue. "Sasa likiwa jina la Tunu, wewe mtu mzima, kila asubuhi utamwambia huyu binti shikamoo?"

"Nitamwambia," akasema Mzee Shekue. "Ila likiwa jina langu, nataka nijue nani atakayethubutu kuandika kwamba Shekue gurudumu limekwama."

"Nitaandika mimi," akasema Mize. "Awe yeyote, akiharibika ataandikwa. Na akiwa ni mimi, mniandike kwa herufi kubwa."

Nikaona nitumie ujanja niliojifunza safarini. Nikamuuliza kila mmoja pembeni, kama si wewe, basi nani? Tunu akasema, kama si mimi, Mzee Shekue. Mzee Shekue akasema, kama si mimi, Mize. Mize akasema, kama si mimi, Tunu. Nikarudi pale pale nilipokuwa, kama kawaida yangu nikitafuta hoteli.

Bi Sauda akamaliza kikao. "Meneja atachagua. Yeye ndiye hodari wa kutia sahihi asichokisoma, hiki atakisoma."

Nimekisoma. Mzee Shekue alifika siku yake ya kustaafu akaondoka kwa heshima zote, Tunu akaongezewa mkataba mara tatu, Mize sasa ni msimamizi wa zamu, nami nimebaki na upara, na bado nakisoma. Kibao kipo pale na neno lake moja. Watu wanaingia asubuhi, wanasema shikamoo Mzee Hoza, shikamoo Bi Pili, wakifika kwenye kichanja wanasema shikamoo, wananyamaza kidogo, kila mtu anamalizia moyoni mwake. Nami pia namalizia, na jina si lile la jana.

Kombo lakini ni mtu mzima sasa, macho yanapungua, na rangi nyekundu imebaki kidogo kwenye kopo. Ameniambia anataka kuimaliza kazi yake. Kwa hiyo nawatupia nyinyi. Yuko aliyechora kwa chaki, yuko aliyechora kwa mkaa, yuko aliyeuliza jana. Brashi imeshachovywa, nafasi ni ya jina moja.

Je, ingekuwa wewe ndiye unayeingia zamu kesho asubuhi, ungemwamkia nani?